Ncha ya kidole au pingili? Kidole kikae wapi kwenye triga ukipiga kwa presha

Kidole_Kifupi (Thika)
Salaam wakuu. Leseni yangu iko mwaka wa pili, na bastola ni Ceska, CZ 75. Nimepitia walimu wawili na kila mmoja ana dini yake. Wa kwanza alisema triga iguswe na nyama ya ncha ya kidole cha shahada, kati ya ukucha na pingili ya kwanza. Wa pili aliniona nikifanya hivyo akacheka. Akaniambia niingize kidole mpaka mkunjo wa pingili ukae juu ya triga, la sivyo siku ya siku nitakosa nguvu.

Jumamosi nilipiga risasi 50 kwa mita 10, 25 kwa kila njia. Nikipiga kwa raha zangu, matundu ya ncha nayafunika kwa kiganja. Ya pingili yanatawanyika kidogo. Lakini mwalimu alipoanza kunifokea na kunihesabia sekunde, yote yalihamia chini kushoto, njia zote mbili. Natumia mkono wa kulia. Nimshike yupi?

Pumzi_Moja
Mimi ni wa bastola ya upepo, mita 10, kwa hiyo nipimeni kwa kipimo hicho. Kanuni za ISSF, shirikisho la dunia la michezo ya shabaha, zinataka uzito wa kuivuta triga yetu usipungue gramu 500. Kwa uzito huo ncha ndiyo yenyewe, maana ndiko kwenye hisia nyingi, na kidole kikisogea milimita mbili unaiona tofauti kwenye karatasi. Kwa mkono wa kulia kuna nadharia ya siku nyingi kwamba kidole kidogo mno kinasukuma risasi kushoto na kidole kingi mno kinaivuta kulia. Kwangu inafanya kazi. Ila mimi nasimama kama mlingoti na hakuna anayenifokea.

Fundi_Nyundo
Kifupi, hapo umeuliza kuhusu bastola mbili bila kujua. Ceska yako ikiwa nyundo (ile ya nyuma inayogonga pini ya kufyatulia) iko chini, triga ya kwanza ndiyo inayoinua nyundo na kuiachia. Hiyo ni safari ndefu na nzito, kilo 4 hadi 5 hivi. Baada ya hapo slaidi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma kila risasi, inaikoki nyundo yenyewe, yaani inaiacha imeinuka tayari, na risasi ya pili triga imeshasogea nyuma na imekuwa nyepesi, chini ya nusu. Sasa kidole kifupi, ncha tu, kwenye risasi ya kwanza kinakuwa kama mtu anayefungua mlango wa bati kwa ukucha. Unakaza mkono mzima ili kuipata, na mtutu unakwenda na mkono. Ukiingiza kidole mpaka pingili unapata nguvu ya kwanza, lakini risasi ya pili kidole kimezidi.

Mwenye Glock, bastola isiyo na nyundo hiyo, hana shida hii. Triga yake ni ileile kila risasi, kama kilo 2.5. Ndiyo maana mkilinganisha ushauri wa mtandaoni, ulizeni kwanza anayeshauri anabeba nini.

Halafu angalizo la ufundi: ukifanya mazoezi makavu (kufyatua bila risasi halisi) na CZ 75, weka risasi bandia kwenye chemba. Ile pini ndogo ya bomba inayozuia pini ya kufyatulia isitoke nimeshaikuta imevunjika, zaidi ya mara moja, kwa watu waliofyatua kavu kila jioni bila kitu ndani.

Binti_wa_Houston
Habari za huko nyumbani. Niko Texas miaka tisa, nimehudhuria darasa la bastola mara tatu. Kuna zoezi lililonimaliza kiburi. Mwalimu alisema, "Wewe shika, lenga, usiguse triga." Akasimama ubavuni kwangu, akapitisha kidole chake na kubonyeza yeye. Alibonyeza kwa nguvu, wala si kwa ule upole tunaofundishwa. Risasi ikaingia katikati. Akarudia mara nne, zote katikati. Kisha akasema, "Sasa bonyeza mwenyewe." Chini kushoto!

Kidole chake kilikuwa kimekaa ovyo kwenye ile triga, kwa pembe ambayo hakuna kitabu kingeikubali. Tofauti ni kwamba mimi sikujua atabonyeza saa ngapi, kwa hiyo mshiko wangu haukuusubiri mlio. Kifupi ndugu yangu, kwa hayo matundu ya chini kushoto chini ya kelele mimi sikilaumu kidole. Unaushtukia mlio kabla haujaja, mkono unausukuma mtutu chini ili kulipinga teke ambalo bado halijatokea.

Mzee_wa_Kwata
Nimefundisha askari kulenga kwa miaka 22, nimestaafu. Binti amesema kweli, ila nina ya kuongeza, kwa sababu mada ni kupiga kwa hali halisi na mpaka sasa mnazungumza uwanja wa shabaha saa nne asubuhi.

Hali halisi ni jasho, ni usiku, ni mkono mmoja umebeba mtoto au umeshika mlango. Ukichomoa haraka, mshiko haukai kila mara ulipoukusudia. Ukikaa kombo nusu sentimita, kidole nacho kinaishia pengine. Kwa hiyo askari niliyemfundisha ncha tu, au pingili tu, nilimkuta siku ya majaribio ameweka popote. Nikaacha kupigania mahali. Nikawa naangalia jambo moja: kidole kikirudi nyuma, je, kile kinundu cha mbele tunacholengea kinatikisika? Weka sarafu ya shilingi juu yake, bastola tupu, risasi ziko chumba kingine na mlango umefungwa, halafu fyatua. Sarafu ikibaki, kidole chako kiko sawa, hata kama ni cha pili. Rudia kwa mkono mmoja. Rudia baada ya kupanda ngazi mbio. Rudia kwa mkono wa kushoto, huko ndiko watu hunyamaza.

La pili mmelisahau wote. Mahali muhimu kuliko pote pa kidole ni pale kinapokaa wakati hupigi. Mtu akiteleza, akishtuliwa, au mkono wa pili ukikaza ghafla kushika kitu, vidole vya mkono wenye bastola vinakaza pia, hata asipotaka. Kidole kilichopumzika kwenye kikingio cha triga, ule upinde unaoizunguka, kitateleza kuingia ndani. Mimi nataka kiwe juu kabisa, kimenyooka pembeni ya slaidi.

Pumzi_Moja
Shikamoo mzee. Juu kwenye slaidi si kunachelewesha? Wengine hukiweka chini kidogo, pembeni ya fremu, usawa wa triga.

Mzee_wa_Kwata
Marahaba. Pembeni ya fremu nakubali kama kidole ni kifupi na juu hakifiki bila kulegeza mshiko. Kwenye kikingio, hapana. Kuhusu kuchelewa, lete taima tupime. Kila niliyempima alikuwa anapoteza muda kwenye kuchomoa na kutafuta shabaha, na kidole kilikuwa kimeshafika kikimsubiri.

Fundi_Nyundo
Kifupi, kabla hujanunua vishikio vyembamba (najua unafikiria hivyo), mwombe mwenzako akujazie magazini achanganye risasi bandia bila kukuambia ziko wapi. Hilo ni zoezi la bei ya soda.

Kidole_Kifupi (Thika)
Wakuu nimerudi. Rafiki yangu alinijazia 10, akaficha bandia tatu. Risasi mbili za kwanza safi. Ya tatu, *tik*. Mtutu ukainama mbele ya macho yangu kama mtu anayetafuta funguo chini. Sikuwa na la kujitetea, hakuna mlio, hakuna teke, na mimi nimeinama! Bandia ya pili niliinama tena, nusu yake. Ya tatu ikabaki palepale.

Kidole nimekipeleka karibu na mkunjo wa pingili, si juu yake kabisa, kwa sababu ya ile risasi ya kwanza nzito ya Fundi. Kwa ncha, sarafu ilianguka mara 6 kati ya 10 nyundo ikiwa chini. Kwa hapa nilipo, mara 2. Nyundo ikiwa imekokiwa sioni tofauti yoyote, kwa hiyo mwalimu wa kwanza na wa pili nimewasamehe wote. Kwa mkono wa kushoto sisemi.

Mzee_wa_Kwata
Vizuri. Ile *tik* ya kwanza ilipokushangaza ukageuka kumwambia rafiki yako, kidole kilikuwa wapi?

Kidole_Kifupi (Thika)
Mzee... nimempigia simu kumuuliza. Anasema kilikuwa ndani, kwenye triga.

Mzee_wa_Kwata
Jumamosi rudi na hizohizo bandia tatu. Safari hii mwambie rafiki asitazame karatasi, atazame kidole.