Picha ya timu ya mpira Morogoro miaka ya 70, wazee wa Mji Kasoro Bahari naombeni msaada

Mjukuu wa Beki:
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Babu mzaa mama alitutoka mwezi wa tatu na kwenye sanduku lake tumekuta picha ya timu, nyeusi na nyeupe, saizi kama ya postikadi. Waliosimama saba, waliochuchumaa sita, katikati mpira na kikombe kidogo, nyuma yao milima. Babu ni wa tatu kutoka kushoto waliosimama, huyo namjua kwa yale masikio tu hata bila kuambiwa. Nyuma hakuna jina hata moja, kuna muhuri wa studio umefutika zimebaki herufi GORO basi. Wajomba wote wanasema hiyo ndo Mseto iliyochukua ubingwa 1975, ila bibi anasema babu alichezea timu ya kazini na Mseto alikuwa anaenda kushangilia kama watu wengine. Tunataka kuikuza tuiweke sebuleni na majina yote chini, sasa nikiandika uongo utakaa pale ukutani mpaka kwa wajukuu zangu. Naanzia wapi?

Kasoro Bahari:
Marahaba, na poleni sana kwa msiba. Naelewa kwa nini wajomba wanaing'ang'ania Mseto, maana tangu ligi ianze 1965 kombe lilikuwa halijatoka Dar, ni Sunderland (ndo Simba yenyewe kabla ya kubadili jina), Cosmopolitan, Yanga, Simba, halafu 1975 likapanda Moro, mji mzima ulikuwa wao. Kwa hiyo kila picha ya zamani ya hapa mjini watu wanaiita Mseto. Ila mimi ningemsikiliza bibi, yeye ndo alikuwa anafua hizo jezi.

Anza na uwanja. Uluguru iko kusini mwa mji, kwa hiyo kama milima iko nyuma yao basi mpiga picha alikuwa anatazama kusini, na kama ni jioni kabla ya mechi vivuli lazima viangukie kushoto kwako unayeitazama. Vikiangukia kulia ni asubuhi, au picha ilisafishwa negativu (ile filamu yake) ikiwa imegeuzwa, na hapo hata babu hatakuwa wa tatu kutoka kushoto. Angalia namba za jezi au vifungo vya shati la kocha, shati la kiume vifungo viko upande wake wa kulia.

Mzee wa Negativu:
Naongezea kuhusu mpira. Ukiwa na vipande vyeusi na vyeupe basi yaelekea picha si ya kabla ya 1970, ule ulivuma na Kombe la Dunia la Mexico. Lakini ukiwa wa kahawia wa kufunga kwa kamba usiseme ni wa miaka ya 60, timu zetu zilikuwa zinashona mpira huohuo mpaka ngozi inaisha. Rangi ya jezi nayo achana nayo kabisa, kwenye nyeusi na nyeupe nyekundu na kijani zinaweza kutoka kijivu kilekile, nimeona watu wakigombana msibani kwa ajili hiyo.

Na tafadhali sana usiandike kitu nyuma ya picha kwa biki. Mjomba wangu aliandika akakandamiza, mistari ikatokea mbele kwenye nyuso za watu. Iskani pande zote mbili, printi kubwa, hiyo printi ndo uandike namba 1 mpaka 13. Halafu wapelekee wazee mmoja mmoja, usiwakalishe pamoja, mmoja akitaja jina kwa sauti wengine wote wanakubali. Mwache aongee huku simu inarekodi. Jina walilotaja wawili bila kusikilizana ndo uliandike. Ukipata jina la timu nenda Dar, Maktaba Kuu au East Africana, ile sehemu ya maktaba pale chuo kikuu, omba magazeti ya Uhuru na Mzalendo ya miaka hiyo, kurasa za michezo.

Mjukuu wa Beki:
Nimerudi wakuu, asanteni mno. Vivuli viko kushoto, namba zinasomeka sawa. Jana nimempelekea mzee mmoja wa Mwembesongo, macho yamechoka, nyuso hakuzitambua kabisa. Akashuka miguuni. Wa pili kati ya waliochuchumaa soksi zake zimefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, mzee akaweka kidole pale pale akasema huyu winga wetu, soksi zake zilikuwa haziwezi kusimama. Kuanzia hapo akataja watatu wengine mfululizo, na akasema kikombe ni cha mashindano ya idara, timu ilikuwa ya kazini. Bibi nilipompigia hakushangaa, aliuliza tu kama mzee amekula.

Kipa bado hatumjui, ana kofia na kivuli chake kimeziba macho. Jumapili naenda kwa mzee wa pili, Kihonda.

Mzee wa Negativu:
Usimwambie kitu kuhusu tyubu. Mpe printi ukae kimya.