Kuunda kamutiki, sleji ya mbao ya Wainuiti: kwa nini yangu imepasuka?

Baba Zuhura:
Habari zenu mafundi. Ninaishi Winnipeg, Kanada, na ningependa kuunda nyumbani kamutiki, yaani sleji (chombo cha kuburuta thelujini, kisicho na magurudumu) ya mbao ya Wainuiti, wenyeji wa Aktiki, ya kukokotea kuni juu ya ziwa lililoganda. Mwaka jana niliunda moja ya mita 2, nikaikaza barabara kwa gundi na skrubu. Haikutimiza wiki tatu, ubao mmoja wa chini ukapasuka, ufa ukianzia penye tundu la skrubu. Je, kosa ni la mbao, ambazo ni za msonobari, au ni la ujenzi wenyewe?

Shoka Moja:
Ndugu Baba Zuhura, msonobari hauna hatia. Kamutiki hufungwa kwa kamba. Wainuiti wa Nunavut na Labrador, nchini Kanada, hulaza mataruma, yaani mbao fupi za kukingama, juu ya mbao mbili ndefu za chini, ambazo ndizo miguu yake, kisha huyafunga bila msumari, kwa sababu barafu ya bahari ina matuta, na sleji yenye mzigo hulazimika kujipinda, mguu mmoja ukipanda huku mwenziwe ukishuka. Skrubu zako ziliuzuia mwendo huo, mkazo wote ukakusanyika tunduni.

Kata mataruma yazidi miguu kwa sentimita 5 hivi kila upande, na kila ncha uichonge pengo mbele na nyuma ili kamba ipate pa kushika. Toboa miguu kwa keekee, sentimita chache chini ya ukingo wa juu, na midomo ya matundu uilainishe kwa msasa, maana ukingo mkali hukata kamba. Ndipo uipitishe kamba tunduni na kuizungusha penye mapengo mara mbili tatu. Zamani walitumia ugwe wa ngozi mbichi ya sili, uliofungwa ungali umelowa, nao ukikauka hujikaza wenyewe. Nailoni ya siku hizi haina tabia hiyo, hivyo kila mzunguko uuvute kwa kijiti, kama anayewamba kitanda.

Mjukuu wa Nahodha:
Naafiki. Mitepe ya kwetu Lamu, vyombo vya zamani vya tanga, ilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari, nayo ilihimili mawimbi kwa kulegea kidogo (ingawa mabaharia walichoka kuteka ngama, yale maji yanayovujia ndani). Naomba kuuliza: sehemu inayoteleza ivishwe chuma?

Shoka Moja:
Kwa baridi ya Winnipeg, hapana. Baridi ikizidi, chuma hukwama kwenye theluji utadhani unakokota mchangani. Wazee wa Kiinuiti walipaka miguu udongo wa mboji uliokandwa kwa maji, wakauacha ugande, wakauranda, kisha wakaupitishia maji kwa kipande cha ngozi ya dubu yenye manyoya, hadi ukafanya utando mwembamba wa barafu. Leo wengi hutumia ukanda wa plastiki ngumu. Hapo, Baba Zuhura, skrubu zako zinaruhusiwa, mradi vichwa vizame ndani ya plastiki.

Baba Zuhura:
Ahsanteni sana. Skrubu nimeshazifungua zote. Mguu mmoja u mzima, wa pili nitauchonga upya. Mama Zuhura ameanza kuuliza kamba ya kuanikia nguo imekwenda wapi.