Mjadala: Kelele za makanisa mtaani, tupime desibeli au tudhibiti sabwufa?

Mtu wa Mitambo:
Wakuu, heshima kwenu. Kila NEMC, baraza la mazingira la Tanzania, wakitoa onyo kuhusu kelele, hawa wanasema makanisa yanasumbua, wale wanasema imani inapigwa vita. Mimi nakaa kwenye miksa kila Jumapili na kwenye mikesha, na naona pande zote mbili zinapiga mashuti nje ya goli.

Tazama Kenya. Kanuni zao za kelele za 2009 zinazipa nyumba za ibada kikomo cha desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 40 mchana na 35 usiku. Arobaini! Watu wawili wakipiga soga tu wanafika kama 60. Kwaya ikikohoa imeshavunja sheria. Kanuni ambayo hakuna anayeweza kuifuata inabaki fimbo ya kuchagua nani achapwe.

Na kipimo chenyewe kina upofu. Hizo desibeli hupimwa kwa mizani A, inayoiga sikio kwa kupunguza sauti nzito; kwenye hertz 50 (mitetemo 50 kwa sekunde), palepale sabwufa, ile spika ya besi, inapofanyia kazi, inapunguza takriban desibeli 30. Afisa anakuja na kifaa chake, kinasoma vizuri, huku vikombe vya jirani vinagongana kabatini. Wimbi la hertz 50 lina urefu wa karibu mita saba. Ukuta wa tofali haulitishi, bati ndiyo kabisa. Sauti ya mchungaji ukifunga dirisha inapungua. Besi inakufuata mpaka kitandani.

Hoja yangu: sheria ibane spika za nje na muda wa usiku, ipime na besi. Kilichobaki ni kazi yetu mafundi.

Mpangaji wa Kimara:
Mkuu, umeongea kifundi sana. Mimi mizani A wala Z hainihusu. Mkesha unaanza saa nne usiku unaisha saa kumi na moja alfajiri, na Jumamosi naingia kazini. Rwanda mwaka 2018 walifunga makanisa zaidi ya 700 Kigali, na kelele ilikuwa mojawapo ya sababu. Hawakusubiri fundi awaeleweshe mawimbi.

Mama Mchungaji:
Zaburi ya 150 ina baragumu, matari na matoazi, hayo hatukuyatunga sisi. Baa ya mtaani kwetu inapiga muziki mpaka kunakucha, mbona sioni mjadala wake hapa? Mnaanza na kanisa kwa sababu mnajua kanisa halitawarushia chupa.

Msomaji wa Agano la Kale:
Shikamoo mama. Kule Karmeli, Elia aliwakejeli manabii wa Baali waite kwa sauti kubwa zaidi, huenda mungu wao amelala. Wetu hasinzii wala halali, Zaburi ya 121. Wanaotaka kulala ni majirani.

Mtu wa Mitambo:
Shikamoo mama. Baa nazo zibanwe, hapo tuko pamoja. Ila nieleze kelele inavyopanda, maana wengi wanadhani fundi ndiye anapenda.

Dramu kwenye ukumbi mdogo inavuka desibeli 100 bila maiki yoyote. Mwimbaji hajisikii, anaomba monita, spika inayomwelekea yeye, iongezwe. Monita ikipanda, maneno ukumbini yanakuwa uji, inabidi nipandishe spika kubwa. Mpiga besi naye anazungusha kitufe cha amplifaya yake kidogokidogo akidhani simwoni. Mzee wa kanisa, kiti cha mbele, ananiinulia kiganja: ongeza! Wimbo wa tatu maiki zinaanza kupiga mluzi.

Hapo dawa ni kushusha. Maiki zote za waimbaji zikatwe besi, miksa nyingi zina kitufe hicho cha hertz 80 au 100. Sauti ya kuongoza isiposikika, punguza kinanda na gita kabla hujamwongeza yeye. Kuna kanisa nilikuta sabwufa mbili zimebanwa kwenye kona, nyuma ya ukuta huo ni chumba cha kulala cha watu. Kona inaongeza besi ya bure. Tulizivuta zikaja mbele, tukazishusha, na wakati wa mahubiri tukazima kabisa. Mahubiri yanataka sabwufa ya nini jamani?

Na tusiwaze majirani tu. Kwa kipimo kinachotumika sana kulinda masikio ya wafanyakazi, desibeli 85 unavumilia kwa muda wa saa nane, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Kwenye 100 una robo saa. Sifa zetu zinakwenda saa nzima, watoto wamekaa chini mbele ya spika.

Mama Mchungaji:
Hilo la watoto sikuwahi kuliwaza. Lakini sheria ikipewa mlango, kesho watatupangia na urefu wa maombi.

Mpangaji wa Kimara:
Mama, mimi nataka saa za kulala, maombi yenu ombeni hata mwaka mzima. Fundi, kwenye besi umenishawishi. Kwenye muda bado. Ikifika saa sita usiku zimeni mitambo, imbeni kwa midomo na makofi. Na dramu ifungwe.

Mtu wa Mitambo:
Mitambo naweza kuizima mwenyewe. Dramu lazima ipite kikaoni, maana mpigaji ni mtoto wa mchungaji.