Mrejesho: Nimeizunguka Portland kwa miguu

Wakuu, niliuliza hapa kama mtu asiye na mazoezi anaweza kuizunguka Portland, kile kisiwa cha Dorset kule Uingereza, kwa siku moja. Nimerudi jana na miguu haitaki hata kuguswa lakini inawezekana, ni kama kilomita 21 hivi, nimetumia masaa nane, mliosema matano mlinidanganya kweupe.

Kile kipande cha kupanda kutoka Chesil, ule ufukwe wa kokoto, ndo kilinimaliza, halafu ukishafika juu ni tambarare tu, unapita Tout Quarry, machimbo ya zamani yaliyojaa sanamu zilizochongwa mwambani, nikapoteza muda pale mpaka basi. Mawe ya huku ndo yalijenga Kanisa la St Paul's London, we fikiria. Mnara wa taa wa Portland Bill, ule mwekundu na mweupe wa 1906, upepo wake achana nao, kofia imeenda.

Upande wa mashariki, kwenye kighuba cha Church Ope Cove, ngazi ni nyingi na mawe yanateleza, aliyenishauri nibebe fimbo asante sana. Raba zangu zimekufa.