Mume wangu anakata pumzi usingizini, naomba ushauri

Habari zenu wapendwa. Tuko Nkuhungu, Dodoma. Mume wangu ana miaka 46, mnene kiasi, presha anayo. Kukoroma kwake nilishazoea tangu uchumba. Kinachonitisha ni ule ukimya: anakoroma weee, ghafla kimya, kifua kinahangaika ila hewa haipiti. Juzi nilihesabu kwa simu, sekunde 24. Halafu anashtuka kama mtu aliyeibuka majini, anageuka, anaendelea kulala.

Asubuhi hakumbuki kitu, kichwa kinamuuma, na mchana anasinzia hata tonge likiwa mkononi. Wiki iliyopita kasinzia kwenye usukani karibu na Kibaigwa, gari ina magunia ya alizeti. Mama mkwe anasema ni jinamizi (haya). Mimi nimesoma kuwa pumzi ikikatika sekunde 10 au zaidi, mara 5 na kuendelea kwa saa, hiyo si kukoroma tu, na kwamba kuna mashine ya kusukuma hewa kupitia barakoa.

Kumlaza ubavu kunasaidia kidogo. Nimemrekodi video, kanuna.

Nianzie kwa daktari wa masikio, pua na koo pale Benjamin Mkapa, au kwa wa presha? Kipimo cha usingizi kinapatikana hapa Dodoma? Na nyie wenye waume wabishi, mliwapelekaje hospitali?