Kongamano la mabloga Nairobi: mwandishi wa makala akienda atapata nini?

BintiKibokoni:
Asalam aleikum wenzangu, naomba ushauri kwa walowahi kwenda. Kuna kongamano la mabloga Nairobi mwezi ujao, siku mbili, na tiketi si ya mchezo ukiongeza treni na pa kulala. Mimi naandika makala marefu, habari za Mji wa Kale, vyakula, wazee wetu na kazi zao, na hadithi fupi mara mojamoja, sipigi video wala sitangazi mafuta ya nywele. Sasa nikiangalia ratiba yao kutwa ni kukuza wafuasi, kupata matangazo, kushika kamera, uandishi wenyewe sijauona mahali. Nahofia kwenda kukaa nyuma ya ukumbi nikiwaskiliza watu wa biashara nyingine kabisa. Mwandishi ana nafasi pale ama pesa hiyo bora ninunue bando na vitabu?

KakaWaKisauni:
Aleikum salam dadangu. Nafasi unayo, hata tuzo za BAKE, chama cha mabloga wa Kenya, zilizoanza 2012 zimekuwa na kipengele cha blogu za uandishi wa kubuni, kwa hivyo usijione mgeni. Ila usiende kwa ajili ya ratiba, manake ya jukwaani mengi utayapata YouTube bure, kazi iko nje kwenye foleni ya chai. Mimi nilisimama karibu na mama mmoja simjui, akasoma kibandiko changu kifuani akaniuliza unaandika nini, nikamwambia naandika wauza kahawa wa Mombasa, wale wanaotembea na dele mkononi vikombe vinagongana unawaskia kabla hujawaona. Kumbe ni mhariri wa jarida la safari! Akaanza, huyo mzee anatoka saa ngapi, kahawa anachoma mwenyewe, kashata anapikiwa na nani, maswali mpaka chai ikapoa, tukapeana namba na makala akaichukua. Lau ningemjibu naandika "laifustaili" angesema vizuri sana akenda zake. Jitayarishe na jibu moja la namna hiyo, lenye mtu na kazi yake ndani.

MamaTudor:
Mwanangu, kaka yako kasema kweli, nami naongeza la mkataba kwa sababu linaniuma sana. Pale kuna wadhamini, mahoteli, kampuni, wanakuja na karatasi tayari na wewe una furaha ya kuitwa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 iko hivi: ulichoandika kwa hiari yako ni chako, lakini mtu akikuagiza umwandikie basi hakimiliki inahesabika imehamia kwake, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kuna kijana namjua aliandikia hoteli moja ya pwani makala nzuri mno juu ya mafundi wa majahazi, akalipwa kulala na kula, leo yale maneno yako kwenye vipeperushi vyao na jina lake halipo popote. Usitie sahihi pale pale. Chukua karatasi uje nayo nyumbani usome, udai iandikwe kwamba haki inabaki kwako, wao wanaitumia wapi, kwa muda gani, na jina lako litokee. Na wakikutajia pesa uliza ni kabla ama baada ya kodi, tangu 2023 malipo ya kazi za mtandaoni yanakatwa 5%.

mtu_wa_Miritini:
Mimi naona tofauti kidogo. Kama pesa inabana usijikamue, hapahapa Swahilipot karibu na Fort Jesus vijana wa sanaa na teknolojia wanakutana. Na kuna WordCamp, mikutano ya watu wanaotumia WordPress kutengeneza blogu na tovuti, zilianza San Francisco 2006, zinaendeshwa na watu wa kujitolea kwa hivyo tiketi huwa rahisi, wakati mwingine zinafika Kenya. Ukiamua Nairobi, treni ya SGR daraja la kawaida ni shilingi 1,500 tangu 2024, lakini inakushusha Syokimau si mjini, weka nauli ya kuingia mjini na usifike usiku mkubwa peke yako.

BintiKibokoni:
Shukran sana jamani, Mama Tudor hilo la kuagizwa sikulijua kabisa wallahi. Suali moja bado, makala yangu karibu yote ni ya Kiswahili, wahariri wa Nairobi watayataka kweli?

KakaWaKisauni:
Wengine watataka wengine la, uliza mapema usipoteze chai yako. Piga chapa makala mawili, moja ya Kiswahili kama ilivyo na moja uloiandika upya kwa Kiingereza, si kutafsiri, kila moja karatasi moja na namba yako chini. Mimi kwenye simu hakuna alonisomea hata siku moja, karatasi wanaipokea, wengine wanaisoma hapohapo wamesimama.

MamaTudor:
Na weka tarehe na jina lako kwenye kila ukurasa, mwanangu.