Wafadhili wanataka kuja kujitolea kijijini, wenzangu wanataka wabaki kwao watume nauli. Naombeni ushauri

Katibu_wa_Mlimani:
Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni katibu wa kikundi cha kijamii huku Rungwe, juu ya Kiwira. Tumesajiliwa halmashauri. Zahanati yetu haina maji ya bomba, mjamzito akija kujifungua ndugu zake wanapanda naye na ndoo. Chanzo kiko juu kuliko zahanati, kwa hiyo ni maji ya mserereko, hakuna habari ya pampu. Tunachokosa ni bomba, tenki na mtaalamu.

Kijana wetu aliyesoma nje katuunganisha na chama kidogo cha hisani cha mji mmoja Uingereza. Si hawa wakubwa wenye magari meupe. Ni walimu na wastaafu: wanauza keki na nguo zilizotumika, kisha wanatoa ruzuku ndogo kwa watu wa mji wao wanaokwenda kujitolea nje na kwa miradi wanayoikuta huko. Wametuahidi pauni 2,500 za vifaa, pamoja na watu wawili kwa miezi mitatu: fundi bomba mstaafu na binti anayesomea uuguzi.

Kikao kimewaka moto. Mwenyekiti na wajumbe wengi wanasema nauli za ndege na vibali vya hao wawili vingemalizia tenki, na mafundi bomba Tukuyu wamejaa. Wananitaka niandike kwamba wabaki kwao, watume hela. Tena iingie kwenye namba ya simu ya mwenyekiti, eti akaunti ya kikundi ina usumbufu wa sahihi tatu.

Naona aibu kuandika barua hiyo, ila hoja ya nauli sina jibu lake. Nifanyeje?

Mnyalu_Orijino:
Mkuu, wenzako hesabu yao ni nzuri ila wanajumlisha hela za mifuko miwili. Chama cha hisani cha Uingereza kinabanwa na malengo yaliyo kwenye katiba yake. Kama watu walichangia ili jirani yao asafiri akajitolee, kamati haiwezi kuamka tu na kuigeuza hela hiyo kuwa tenki. Na wengi wa hao wanaojitolea nauli hujilipia au huchangiwa na ndugu. Mkiwakataa watu, nauli haiji Kiwira, inabaki kwao. Waulize waziwazi: fungu la vifaa na fungu la safari ni moja au mawili?

Halafu huku Iringa tunao ushirika wa Bega kwa Bega, KKKT Dayosisi ya Iringa na Walutheri wa eneo la Saint Paul kule Minnesota. Usharika huku unafungamana na usharika kule, wanatembeleana, watoto wanasomeshwa sekondari. Umedumu miongo kwa sababu watu wanajuana. Mtu aliyelala kwako ndiye atakayekusemea kwao ukiwa haupo.

Jembe_Butu:
Kwa hiyo kina mama wawachemshie maji ya kuoga miezi mitatu? Watume hela bwana. Na hiyo baridi ya Julai watakimbia wenyewe.

Mama_Leba:
Kaka katibu, mimi ni muuguzi, niko Njombe. Fundi bomba sina neno naye. Huyo binti ndiye mmfikirie vizuri. Muuguzi wa kigeni, hata aliyehitimu, hahudumii mgonjwa hapa bila kutambuliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, sembuse mwanafunzi. Nimewahi kuona mgeni wa namna hiyo anapewa sindano na uzi ashone kidonda, kisa ni mzungu. Mgonjwa akashukuru! Kwao nani angemruhusu?

Mpeni kazi ya maana: aongozane na mhudumu wa afya wa kijiji kufundisha kunawa mikono shuleni, asaidie rejista. Picha za wajawazito na watoto zisipigwe ovyo za kuchangishia. Mganga Mkuu wa Wilaya ajulishwe mapema, na dawa wasibebe kwenye mabegi. Kuingiza dawa kuna taratibu za TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Mstaafu_Maendeleo:
Nimekaa ofisi ya maendeleo ya jamii miaka mingi, naongeza mawili.

La kwanza, visa ya utalii hapana. Watu wengi hudhani kwa kuwa halipwi basi hafanyi kazi. Mbele ya Uhamiaji, kujitolea ni kazi. Wanaokaa muda mrefu huombewa kibali cha ukaazi daraja C. Kwa muda mfupi ulizeni Uhamiaji Mbeya kabla tiketi hazijakatwa, na mjue ada ni nani anailipa.

La pili ndilo zito. Tangu 2019 maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini. Injinia wao wa wilaya ndiye apime chanzo na aseme bomba la kipenyo gani, tenki la lita ngapi. Kibali cha kutumia maji kinatoka Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Nyasa, ofisi ziko hapo Tukuyu. Mradi ukiisha, anayeuendesha ni chombo cha watumia maji, si kikundi chenu. Mkichimba mtaro bila hao, mnaweza kuambiwa mfukie. Ukiwa na makadirio ya injinia mkononi, swali la fundi wa Uingereza au wa Tukuyu linajijibu: wa Tukuyu anaunga, mgeni anafundisha vijana wawili matengenezo.

Mnyalu_Orijino:
Na hiyo ya namba ya simu ya mwenyekiti, usithubutu hata kuiandika. Wadhamini wa chama kile wanawajibika kisheria kuonyesha hela ilikoishia. Sahihi tatu ndizo zitakazowatuliza.

Binti_Mwanjelwa:
Kabla ya yote, umehakikisha chama kipo? Kama ni cha Uingereza yenyewe (England) au Wales, jina na namba ya usajili vinatafutwa bure kwenye daftari la Charity Commission. Scotland wana msajili wao. Usishtuke ukikosa mahesabu kamili, vidogo sana havilazimiki kuyapeleka. Ila wakiomba "ada ya kufungulia fedha", kimbia.

Katibu_wa_Mlimani:
Ndaga fijo wote. Nimewakuta kwenye daftari, namba inalingana. Nimeuliza mafungu: ni mawili, na nauli wanajilipia. Mwenyekiti kanuna lakini kakubali akaunti ya kikundi. Jumatatu naenda kwa injinia.

Jembe_Butu:
Na chakula chao?

Katibu_wa_Mlimani:
Wanalipia. Kina mama wameshaanza kugombania nani atawalaza.

Mstaafu_Maendeleo:
Waambie waje Juni. Mvua za Rungwe zikiwa bado hazijakatika, mtaro mnachimba asubuhi, jioni umejaa tope.